Salfa, Njoroge, na Daftari Langu la Ngozi

Katika droo ya kushoto ya dirisha la dawa la zahanati yetu ya Gatina, nimewaachia kalamu nyekundu tisa. Nne ni mpya. Tano zinaandika ukizisugua kwanza kwenye kiganja. Naomba zisitumike kuweka alama kwenye orodha ya zamu, wala kumwandikia mtu kadi ya siku ya kuzaliwa. Zina kazi moja tu, na wengi wenu mmeniona nikiifanya miaka yote hii mkadhani ni usumbufu wa mama anayezeeka. Nataka mjue ilikotoka.

Nimestaafu mwezi uliopita. Siku ya kuniaga mlisoma vyeo vyangu na miaka yake, na vyote vilikuwa sahihi, maana nilivikagua mara mbili kabla hamjavisoma. Sitavirudia. Nitaeleza kosa moja, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtaa wa Lindi, kule Kibera, Nairobi, katika zahanati ya kanisa yenye vyumba vitatu vya mabati na dirisha moja la mbao. Sikuajiriwa kutoa dawa, niliajiriwa kufagia. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Bungoma na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikumshtua mtu. Siku ya kwanza nilipiga deki chumba cha sindano mara tatu, kwa sababu kila nilipomaliza niliona alama ya kiatu, na kila mara kiatu kilikuwa changu.

Aliyetusimamia aliitwa Sista Adhiambo. Hakuwa mtawa; Nairobi kila muuguzi ni Sista. Alikuwa mama mnene kutoka Ugenya, miwani yake imefungwa upande mmoja kwa plasta ya vidonda. Alisimama mlangoni akanitazama nikirudi kinyumenyume na tambara.

"Nekesa," akasema, "ukimaliza kuondoa sakafu, utuachie mahali pa kusimama."

Mwezi wa nne, dada aliyekuwa dirishani aliolewa akahamia Kitale, na Sista akaniweka pale kwa wiki moja. Wiki hiyo imeisha juzi.

Vifaa vyangu vilikuwa sinia la plastiki la buluu, kisu butu cha kupaka siagi cha kusukumia tembe, bahasha za karatasi, na kalamu. Nilihesabu tembe tano tano. Nikimaliza narudia, kisha narudia tena, kwa sababu hesabu ya pili ilinitia shaka na ile ya kwanza. Foleni ya Lindi haikuwa na subira na mambo hayo. Mtu aliniambia, "Dada, hizo tembe zitaota mizizi," na wa nyuma yake akamjibu, "Mwache, bado anazipa majina." Siku moja nilimfuata mgonjwa hadi karibu na reli kuhakikisha nilimpa tembe ishirini na moja wala si ishirini. Zilikuwa ishirini na moja. Nilirudi na matope hadi magotini, nikakuta watu kumi na wanne wananingoja, na hakuna aliyenisalimia.

Nilijifundisha mwenyewe, na kwa miaka mingi hilo lilinitia aibu. Nilisoma karatasi zilizokunjwa ndani ya makopo ya dawa, kamusi ikiwa mapajani. Kisha nikaokota kwenye stoo kitabu kikubwa cha dawa kisicho na jalada. Kilianzia ukurasa wa thelathini na tatu. Sikujua nani alikiandika wala lini, na sikudhani ina maana kujua. Kilikuwa na maneno magumu na herufi ndogo, basi nikakiamini.

Ndani yake kulikuwa na aya moja kuhusu dawa ya TB iliyoitwa thiasetazoni. Ilisema dawa hiyo haiwatendei watu wote sawa: katika nchi fulani watu waliivumilia, na katika nchi nyingine iliwatoa malengelenge na kuwabambua ngozi. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa katika wale wanaoivumilia. Niliisoma aya hiyo mara nyingi. Sikuwahi kufikiri kwamba asili ya mtu inaweza kuwa na neno katika ugomvi kati ya dawa na ngozi.

Miezi michache baadaye akaja dada muuza samaki wa omena, ameegemea bega la dada yake. Alikuwa anatumia dawa za TB, hiyo ikiwa mojawapo. Midomo ilikuwa imevimba na kupasuka, macho yamegandana. Sista alimpangusa bega kwa pamba yenye maji, na ngozi ikaja na pamba, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Aliiweka ile pamba chini polepole sana, akaagiza gari. Dada yule alipelekwa hospitali kubwa na hakurudi Lindi. Dawa zake nilimpa mimi, nilizihesabu mara tatu, na zilikuwa kamili.

Kitabu kilikuwa kimesema Afrika Mashariki tunavumilia. Nikajiuliza, Afrika Mashariki ipi? Nikanunua daftari, nikachora mistari kwa rula, nikaandika juu ya jalada: Daftari la Ngozi. Kila mgonjwa aliyerudi kulalamika kwamba dawa imemtoa vipele, madoa, malengelenge au vidonda vya mdomo, nilimwandika: jina, umri, dawa, ngozi ilifanya nini. Mwisho wa mstari niliweka safu ya kabila. Hakuna aliyeniambia niiweke. Lakini Nairobi mnaijua. Mtu akikutajia jina lake, safu hiyo hujijaza yenyewe.

Nililitunza daftari hilo miaka mitatu bila kumwonyesha mtu. Nilitaka kwanza liwe kamili. Wengi walioingia humo walikuwa wamekula dawa ya malaria ya vidonge vitatu, ile yenye salfa, inayomezwa yote kwa mara moja. Wengi wao vipele vilikuwa vidogo na vikaisha. Wachache waliumia sana. Na safu ya mwisho ilisema jambo moja kutoka juu hadi chini: Mjaluo, Mluhya, Mjaluo, Mjaluo, Mluhya. Katika ukurasa na nusu wa majina hapakuwa na Mkikuyu hata mmoja, ijapokuwa walikuwepo Lindi na walikuja kwetu. Nikaamini nimegundua jambo. Nawaambia kweli, nilijiona msomi. Nilikuwa nikilala nikiliwazia lile daftari kama watu wengine wanavyowaza shamba.

Kisha kanisa likafungua zahanati ya pili Kawangware, hapa Gatina, na Sista Adhiambo akahamishiwa huku. Akanichukua. Nikapanga chumba Riruta Satellite, nikasugua dirisha jipya hadi rangi ikaanza kutoka.

Lazima niwaeleze jinsi tulivyofanya kazi wakati huo, maana ninyi mna kompyuta. Hatukuwa na faili. Mgonjwa alinunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaandika jina juu ya jalada, na ndani Sista aliandika ugonjwa na dawa. Likijaa, mgonjwa alinunua jingine, na lile la zamani likaenda kunakoenda madaftari. Kazi tuligawana hivi: Sista alipima na kuandika. Mimi, kabla ya kutoa dawa, niliuliza swali moja: kuna dawa iliwahi kukukataa?

Lindi nilimuuliza kila mtu. Gatina foleni ilikuwa ndefu zaidi, na wengi waliokuja walikuwa Wakikuyu. Siku ya kwanza niliwauliza wote. Wiki ya pili nilianza kusoma jalada kwanza. Nikiona Otieno au Wafula, nauliza. Nikiona Mwangi au jina jingine la Kikuyu, na dawa ni salfa, nahesabu tembe tu. Sikuona kwamba nimeacha kazi. Niliona kwamba nimeifanya kwa akili, na foleni ilinishukuru kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Njoroge alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na kuezeka mapaa, na kibanda chake hakikuwa mbali na zahanati. Mwaka huo alikuwa ameenda Busia miezi minne kuezeka shule, akarudi na homa. Alikuja Jumatatu asubuhi, jua linawaka, naye amevaa sweta mbili na meno yanagongana. Sista alimpima damu akakuta malaria, akamwandikia vidonge vitatu. Daftari lake lilikuwa jipya kabisa, ukurasa wa kwanza.

Nilisoma jina. Swali lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Nikamuuliza kama amekula, akasema chai na mandazi. Nikamwekea vidonge kiganjani na kikombe cha maji, maana dawa ile tulihakikisha mtu anaimeza mbele yetu.

Akavitazama. "Tatu tu? Na wewe hujaona mbu wa Busia. Hawa wadogo watawafanya nini?"

Foleni ikacheka, nami nikacheka. Akameza. Nikaweka alama ya vema kwenye rejista, nzuri, iliyonyooka.

Alhamisi mkewe, Mama Ciku, alimleta akiwa amemfunika leso kichwani kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Nilimwona mdomo kwanza. Kisha nikaona viganja, vina madoa mekundu yenye kiini cheusi katikati, kama shabaha. Nilijua kabla ya Sista. Kifuani tayari kulikuwa na malengelenge.

Sista aliuliza amekula dawa gani wiki hii. Mama Ciku akasema, "Ni ile yenu tu."

Jambo baya la vidonge vile ni kwamba huwezi kumwambia mtu aviache. Ameshameza, na dawa hukaa mwilini siku nyingi. Gari la kanisa lilimpeleka hospitali kubwa, wakamlaza na kumtunza kama mtu aliyeungua moto. Mimi nilibaki dirishani. Nilihesabu tembe za watu wengine, nikaziangusha sakafuni mara mbili.

Ijumaa asubuhi Mama Ciku alirudi, akaja moja kwa moja dirishani. Alikuwa na daftari kuukuu lililofunikwa kwa gazeti. Alisema amelitafuta usiku kucha. Ciku alikuwa analifanyia hesabu zake kwenye kurasa za nyuma. Akalifungua akaniwekea mbele. Miaka miwili nyuma, Njoroge akifanya kazi mji mwingine, alipewa tembe za salfa kwa sababu ya kifua, akatoka vidonda vya mdomo na homa. Muuguzi wa huko alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: ASIPEWE SALFA TENA.

"Yeye anajua hii maneno," Mama Ciku akasema. Hakupaza sauti. "Hajui kama dawa ya malaria ni salfa, lakini angeulizwa angesema. Hakuna mtu alimuuliza?"

Nikamwambia angoje nimuulize Sista. Huo ndio uongo nilioutamka, na hata haukuwa uongo mzuri. Niliingia stoo, nikasimama nimeegemeza uso kwenye katoni za pamba. Jioni nilirudi Satellite nikiwa na Daftari la Ngozi mkobani. Nilifikiri kulitia kwenye jiko. Nilifikiri pia kupanda basi la Bungoma bila kuaga. Kilichonizuia si ujasiri. Niliona kwamba nikilichoma, nitakuwa wa pekee anayejua, na sikuamini nina uwezo wa kubeba jambo hilo peke yangu hadi uzeeni.

Jumamosi nikamwekea Sista daftari mezani, nikamweleza yote: safu, majina, jinsi nilivyosoma majalada. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akasoma ukurasa na nusu polepole kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Nilingoja anifukuze.

"Hawa wote ni wa Lindi?"

"Ndio, Sista."

"Nairobi hapa kuna malaria?"

"Si sana."

"Sasa hawa waliitoa wapi?"

Nikasema nyumbani. Siaya, Busia, Kakamega; wakienda Krismasi, au matanga.

"Na Mkikuyu wa Lindi akienda kwao Nyeri Krismasi, anarudi na nini?"

"Viazi," nikasema.

Hakucheka, lakini miwani ilisogea. "Eh. Viazi. Na mtu mwenye viazi hatumpi vidonge vitatu. Kwa hivyo, Nekesa, hii si orodha ya watu wenye ngozi mbaya. Hii ni orodha ya watu wenye walipewa dawa. Wale wengine hatukuwapa. Utajuaje ngozi yao ingefanya nini?"

Akageuza ukurasa.

"Wewe ni kabila gani?"

Alijua. Nikajibu hata hivyo. "Mluhya. Mbukusu."

"Umekula hii dawa mara ngapi?"

"Tano. Pengine sita."

"Ikakufanya nini?"

"Haikunifanya kitu, Sista."

"Sasa nionyeshe. Uko ukurasa gani?"

Sikuwemo. Hakuwemo hata mmoja katika mamia ya Wajaluo na Waluhya waliomeza vidonge vile mbele ya macho yangu, wakapona, wakarudi kazini. Niliandika walioumia tu, kwa sababu ndio waliorudi dirishani. Miaka mitatu ya mistari ya rula, na sikuwahi kufikiria safu ya watu ambao hakuna kilichowapata.

Sista aliniambia na jambo jingine, kwa sauti ya chini. Wengi wa wale walioumia zaidi walikuwa na ugonjwa ule ambao siku hizo hatukuutaja dirishani, na mwenye ugonjwa huo ngozi yake hugombana na dawa kwa urahisi, awe ametoka Ugenya au Murang'a. Ndilo lililompata dada wa omena. Na kitabu changu kisicho na jalada, kilichosema sisi tunaivumilia thiasetazoni, kiliandikwa kabla ugonjwa huo haujafika. Kilisema kweli ya wakati wake. Mimi sikujua ulikuwa wakati gani.

Kisha akafunga daftari. "Na mimi nilimwandikia bila kumuuliza. Niliona daftari mpya, nikaona mtu mpya. Tuko wawili. Lakini kuuliza ilikuwa kazi yako, kwa hivyo kumwambia mkewe ni kazi yako pia. Si mimi nitaenda."

Ninaweza kuwaambia kwamba niliposikia "tuko wawili" nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Haikuondoa kosa langu. Ilinipa tu mahali pa kulishikia.

Nilimkuta Mama Ciku kwenye benchi la nje ya wodi, na chupa ya uji miguuni. Nikamwambia: ilikuwa kazi yangu kumuuliza Baba Ciku, na sikumuuliza kwa sababu nilisoma jina lake nikadhani Wakikuyu hawadhuriki.

"Ningekuwa na nguvu ningekuchapa," akasema. Kisha akaichukua ile chupa akaninyooshea. "Shika hii. Nimechoka kubeba."

Nikaishika. Kila siku baada ya kufunga dirisha niliipeleka, imejaa uji mwepesi, maana koo la Njoroge halikuruhusu kitu kingine. Wauguzi walimwosha macho mara kwa mara ili kope zisigandane na jicho. Walisema ngozi huota tena, jicho ndilo la kuogopa. Mama Ciku alihesabu mambo mawili tu: kama amekojoa na kama amefungua macho. Fundi asiyeona atapiga msumari gani? Hilo lilikuwa swali lake, na alilisema kila siku kwa maneno yaleyale, bila machozi.

Siku ya tisa alifungua jicho la kushoto. Siku ya kumi na moja yote mawili, mekundu, yanachuruzika machozi, lakini alimwambia mkewe kwamba kilemba chake kimefungwa upande. Mama Ciku alitoka wodini akakifunga upya mara nne huku akicheka na kulia.

Nilimngoja apate sauti, ndipo nikamweleza na yeye. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi ili nisikosee. Njoroge alinisikiliza hadi mwisho, midomo bado ina magamba.

"Kwa hivyo," akasema taratibu, "wewe ulidhani sisi tumeezekwa na mabati?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaangua kicheko. Njoroge naye akajaribu kucheka, midomo ikapasuka, akaishika kwa viganja viwili. "Usinichekeshe, bwana," akamwambia, ijapokuwa aliyechekesha ni yeye. Kisha akanigeukia, na hapo hakuwa anatania. "Unajua shida yako? Hukuniuliza mimi. Uliuliza jina."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la Mama Ciku nipumzike kidogo. Nililala pale nimekaa, hadi mlinzi akaniamsha saa ya kufunga lango. Sikuwa nimelala vizuri tangu Alhamisi ile.

Kalamu nyekundu zilianza wiki iliyofuata. Kila mgonjwa niliyempata na jambo, niliandika dawa iliyomkataa juu ya jalada, chini ya jina, mahali ambapo hata mwenye haraka hawezi kukosa. Na mgonjwa akija na daftari jipya, nilimrudisha nyumbani akalete la zamani, nikahamisha wino mwekundu kwa mkono wangu. Nilitukanwa sana kwa hilo, kwa lugha nyingi za nchi hii. Daftari la Ngozi sikulichoma. Nililikata safu ya mwisho kwa mkasi, mstari ukanyooka vizuri, na nikaanza kuandika pia waliomeza wasidhurike. Baada ya mwezi nikachoka, kwa sababu walikuwa karibu kila mtu.

Msinielewe vibaya. Tofauti za asili zipo. Baadaye nilisoma, safari hii katika vitabu vyenye jalada na mwaka, kuhusu dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini. Watu wenye asili ya sehemu fulani za Asia huwa na kitu cha kurithi mwilini kinachoifanya dawa hiyo iwabambue ngozi mara nyingi kuliko wengine, na wanashauriwa wapimwe kabla ya kuianza. Mtu akiniambia asili haina maana, nitamwonyesha hiyo. Lakini kitu hicho hupimwa kwa damu, hakisomwi kwenye jalada la daftari. Na hata mwenye asili salama anaweza kuwa yeye mmoja ambaye dawa inamkataa, kama Njoroge.

Kwa hiyo ulizeni kila mtu, hata mnayemjua, hata foleni ikifika barabarani. Msiulize kama ana mzio. Nusu yao hawalijui neno hilo na watasema hapana ili muendelee. Ulizeni kama kuna dawa iliwahi kumkataa, na mzitaje dawa kwa majina ambayo watu huyatumia. Akirudi na vipele tu, mpelekeni kwa muuguzi siku hiyohiyo. Akirudi na vipele pamoja na homa, au macho mekundu, au vidonda mdomoni, msimwambie akae kwenye benchi. Mwiteni mtu sasa hivi.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Njoroge alikuja. Ana mvi sasa, na goti linamsumbua kwa sababu ya miaka ya kupanda mapaa. Alikuwa na daftari jipya. Juu ya jalada, chini ya jina, alikuwa ameandika mwenyewe kwa wino mwekundu na mkono wa seremala, herufi zimesimama kama mbao: SALFA HAPANA.

Nilisoma. Kisha nikamuuliza, "Kuna dawa iliwahi kukukataa?"

"Nekesa. Si umeona hapo?"

"Nimeona. Nakuuliza wewe."

Akajinyoosha, akageuza kichwa kidogo ili foleni nzima isikie. "Salfa. Ilinimenya kama ndizi. Na ni wewe ulinipa."

Kijana wa nyuma yake akanitazama kwa hofu, akaanza kulikagua daftari lake mwenyewe.

"Asante, fundi," nikasema. Nikavuta sinia, nikamhesabia tembe zake za goti, tano tano, hadi ishirini na moja. Nilizihesabu mara moja, nikampa.